Mguu wa Kushoto wa Mdogo Wangu

Mguu wa kushoto wa mdogo wangu ulikuwa na wenyewe wengi. Viongozi wa klabu walisema ni wao. Msimamizi wa bandarini, aliyempa kazi ya kupakua magunia kwa ajili ya mguu huo, alisema ni wake. Washabiki wa Temeke nzima walisema ni wao, hata wale ambao hawakuwahi kumnunulia kikombe cha kahawa. Mkewe hakusema kitu, na nyie wanawake wenzangu mnajua kimya cha mke si kukubali. Mie nami nina haki ya kusema, maana mguu huo nimeuosha tangu haujajua kukanyaga. Mama yetu alifariki akimwacha ananyonya, nikambeba mgongoni mie, nikiwa msichana ambaye matiti bado hayajaota.

Temeke ya wakati ule ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba za udongo na makuti, na njia za mchanga unaochoma nyayo saa za jua kali. Mdogo wangu aliujulia mpira kwenye mchanga huo. Alikuwa akisokota matambara, anayafunga kwa kamba ya mgomba, na matambara yenyewe ni kanga zangu, mtoto mwizi yule! Baba alimchapa sana. Alimchapa kwa mpira, akamchapa tena kwa kuwa mashoto, kwa sababu mtu wa heshima hali kwa mkono wa kushoto. Mwishowe baba akaufunga mkono ule kitambaa mpaka mtoto akajifunza kula kwa wa kulia. Mguu hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, timu za Waafrika zikawa zinashindana pale uwanja wa Ilala, Wazungu wakikaa vitini upande wa kivuli na sie tukisimama upande wa jua. Wachezaji wengi walicheza pekupeku, wamefunga bendeji vifundoni. Klabu moja kubwa ikamwona mdogo wangu. Katibu wao, karani wa serikali mwenye tai, alikuja nyumbani na wazee wawili wamevaa kanzu safi, wakakaa barazani wakikohoa-kohoa, utadhani wamekuja kuposa. Baba aliyekuwa akimchapa kwa mpira akatoa idhini huku anacheka mpaka magego yanaonekana. Wakamtafutia kazi bandarini, wakampa jezi, wakampa na viatu vya njumu. Viatu alivivaa mechi moja, kipindi kimoja. Wakati wa mapumziko alivivua akavitupa nje ya mstari.

"Dada," aliniambia jioni, "nikivaa viatu sioni."

Alicheza winga ya kushoto, na sitamsifu zaidi ya haki yake. Hakuwa na mbio. Ila mpira ukimfika mguuni, beki aliyemkabili alikuwa anaanza kurudi nyuma mwenyewe, bila kusukumwa. Sie dada zake na shangazi zake tulikuwa tukitazama kwa mbali, tumejitanda kanga, tukipiga vigelegele na kutukana refa. Ilikuwa raha, sikufichi.

Akaoa. Wifi yangu alitoka Mtoni, mwanamke wa maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Mimba yake ya kwanza ilifika mwisho wakati timu imekwenda kucheza Tanga. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Mdogo wangu aliporudi, tulikuwa tumekwishazika na majamvi ya matanga yamekunjwa. Alikuta mkewe anatwanga mpunga. Wifi hakumlaumu kwa neno hata moja, akaendelea kutwanga, nami nikasema moyoni, haya, hili litarudi siku moja.

Sasa lazima niwaeleze habari ya kambi, maana vijana wa leo wataniambia naota. Kila timu kubwa ilikuwa na fundi wake, mtu wa dawa. Mie sisemi nani aamini na nani asiamini. Mie niliona msala wa kuswalia na tunguri za dawa katika chumba kimoja, na hakuna aliyeona ajabu. Kabla ya mechi kubwa wachezaji walifungiwa kwenye nyumba moja huko Keko. Mwanamke haingii. Mkono hawapeani na mtu wa nje. Habari za nyumbani haziwafikii, ziwe za heri au za shari. Na mdogo wangu alikuwa na mwiko wake peke yake: fundi aliupaka mguu wa kushoto dawa nyeusi, akauzungushia kipande cha kaniki, akakaza mafundo, na mguu huo haukutakiwa kugusa maji mpaka refa apulize filimbi ya mwisho. Hata udhu aliutia kwa kupangusa juu ya kitambaa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikasirika mpaka akaacha kupita kwenye nyumba ile.

Mwaka ninaousema, klabu ilifika fainali ya kombe. Na katibu alikuwa amekuja kutuambia kwamba Bwana mkubwa wa michezo, Mzungu, atakuja kutazama, na hapo ndipo atachagua watakaokwenda Unguja kuichezea Tanganyika. Mdogo wangu hakulala vizuri tangu aliposikia hayo. Wifi naye alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, anatembea ameshika kiuno.

Siku ya kwenda kambini waligombana. Mie nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia yote.

"Usiende safari hii," wifi alisema.

"Nitarudi mara moja tu mechi ikiisha."

"Na Tanga ulisema hivyo hivyo."

Mdogo wangu akaokota kifurushi chake. Wifi ndipo alipolitoa lile la moyoni: "Basi nenda. Nenda kauoe huo mguu wako. Nikifa, uje unizikie kwa huo huo."

Mdogo wangu alitoka bila kuaga. Kwetu mtu haendi safari bila kuagana, hata safari ya Keko, hata kama mmetupiana sufuria. Nilimfuata mpaka kwenye mkorosho nikimwita, hakugeuka, mkaidi yule. Nikarudi nikamkuta wifi amekaa kizingitini anatazama unyayo wa mumewe mchangani.

Uchungu ukamshika usiku wa kuamkia fainali. Tulimwita mkunga, mwanamke mtu mzima aliyetuzalisha nusu ya mtaa, mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Mpaka kukapambazuka, hapana kitu. Jua likapanda, hapana kitu. Bwana mmoja jirani alikwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya mjini, hakurudi. Malori yote ya Temeke siku hiyo yalikuwa yamebeba washabiki wakipiga ngoma na kupeperusha vitambaa. Adhana ya adhuhuri ilipoita, wifi aligeuza uso ukutani. Mkunga akanivuta mlangoni.

"Mtoto amekaa vibaya," alininong'oneza, "lakini si hilo linalonitisha. Huyu nguvu anazo. Hataki."

"Hataki nini?"

"Hataki kuishi, mwanangu. Mie nimewaona wa namna hii."

Mkunga akarudi kitandani, akamshika wifi kidevu. "Mficha uchi hazai. Una neno gani?"

Wifi akasema, kwa sauti ndogo hata tuliinama ili tumsikie. Kwamba aliachana na mumewe kwa maneno mabaya. Kwamba hana radhi yake. Kwamba hata akizaa, atazaa maiti tena.

Desturi yetu juu ya jambo hilo ni moja. Mwanamke aliyezuiliwa na radhi, mumewe huchovya kidole gumba cha mguu kwenye maji safi, anatamka kwamba amemridhia, na mke anayanywa maji yale. Mkunga akasema, "Basi atafutwe mumeo, achovye mguu wowote, muradi nia yake iwe safi."

Wifi akageuka kutoka ukutani. Ndiyo mara ya kwanza macho yake kunitazama siku ile. "Wa kushoto," alisema. "Wa kulia sinywi."

Hakuna mwanamke chumbani mle ambaye hakujua ni kitu gani kimefungwa kwenye mguu wa kushoto. Shangazi mmoja alianza kumkemea, kwamba mtu anapozama hachagui gogo. Mie sikukemea. Nilichukua bakuli la shaba la marehemu mama, nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka.

Njia yote ya Keko ilijaa watu wanaokwenda Ilala. Walikuwa wakiimba jina la mdogo wangu. Mie nikapasua katikati yao na bakuli langu, nimevurugika nywele, na mmoja akanitania eti nakwenda kukinga magoli. Ningekuwa na nafasi ningempiga nalo.

Mlangoni mwa kambi alisimama mtani wetu, Mnyamwezi wa bandarini, mnene, mcheshi. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na yeye na mie hatukuwahi kukutana bila kutukanana na kucheka. Siku ile alipanua mikono akaziba mlango.

"Mtani, umepotea. Soko liko kule."

"Nipishe."

"Ng'o! Leo hata mama yangu mzazi akiniletea uji hapa, ataunywa mwenyewe."

"Mtani, sina utani leo. Wifi yangu anakufa, na mwana tumboni."

Alicheka kidogo, halafu akaniangalia vizuri, kicheko kikamtoka usoni. Lakini hakusogea. Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Sikiliza. Ukinizuia, kesho utakuja kwenye matanga kudai haki yako ya utani. Wallahi, sitakupa hata mswaki wa mti."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akainama kana kwamba anafunga kiatu, na viatu hakuwa navyo.

"Mie sikukuona," alisema akiwa ameinama.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya ubani na manyoya yaliyoungua. Wachezaji walikuwa wamelala juu ya mikeka. Fundi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akaanza kupiga kelele kwamba nimewaharibia, mwanamke, tena anayenuka chumba cha uzazi! Katibu akatokea na tai yake. Mie nikaita kwa jina lile la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na mdogo wangu akainuka pembeni.

Nilimwambia yote mbele za watu. Sikuwa na muda wa kutafuta faragha.

"Dada, tunakuheshimu," katibu alisema. "Mechi ikiisha tutamleta kwa gari, tena mbio."

"Mechi ikiisha atakuja kuzika."

Katibu akaniacha, akamgeukia yeye. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake nayakumbuka. "Ukilowesha mguu huo, huchezi. Timu nzima inatazama. Hawatacheza na wewe, watakuwa wamekwishashindwa kabla ya kuingia. Unguja usahau. Na msimamizi wa bandarini akiniuliza, sitakuwa na la kumwambia."

Mdogo wangu alikuwa anatazama ile kaniki. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Mkunga kasema mguu upi?" aliniuliza.

"Mkunga kasema wowote. Mkeo kasema wa kushoto."

"Toa wa kulia!" fundi alidakia. "Nani atajua?"

Chumba kizima kilinigeukia. Nilijua wanataka nini, wanataka nitikise kichwa kukubali tu, kidogo. Nje ngoma zilikuwa zinapita. Nilimtazama mdogo wangu na nilikuwa namwonea huruma, maana nilimwona amesimama mbele ya kitu alichokitaka tangu anasokota kanga zangu. Sikutikisa kichwa.

"Atajua," mdogo wangu alisema.

Akakaa chini. Mafundo yalikuwa yamekazwa kwelikweli, vidole vyake havikuyaweza. Basi nikapiga magoti nikafungua mie. Fundi akatoka nje akitema mate. Tuliiosha kwanza ile dawa kwa maji ya mtungi, ikashuka nyeusi mchangani, mpaka mguu ukarudi kuwa mguu. Ndipo nikatia maji safi kwenye bakuli la mama. Akachovya kidole gumba.

"Nimekuridhia," alisema. Halafu akaongeza maneno ambayo hayamo katika desturi: "Na wewe uniridhie."

Nilipoinua macho, katibu alikuwa ameshaitoa jezi ya mdogo wangu kwenye msumari. Alimpa kijana mwingine.

Bakuli alilibeba mwenyewe. Tulirudi Temeke tukikabiliana na watu wanaokwenda uwanjani, na kila baada ya hatua chache mtu anamtambua. "We! Uwanja uko huku!" Wengine walidhani ni dawa, wakatupisha. Mmoja alimshika bega, maji yakachupa, na mdogo wangu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, yule mtu akaachia. Hakukimbia, asije akamwaga. Alitembea macho ndani ya bakuli, mie mbele nikisukuma watu kwa viwiko na kuwatukana. Tulipokuwa karibu na Chang'ombe kelele zikapanda kutoka Ilala, zile za mpira kuanza. Alisimama. Nilidhani atageuka. Kisha akaendelea.

Kwenye mkorosho wa jirani tukasikia vigelegele.

Nilikimbia. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni anajifuta mikono, jasho linamtiririka. "Wa kike," alisema. "Mzima. Na mama yake mzima. Ulipoondoka tu nilifaulu kumgeuza mtoto, na sasa hivi kaja mwenyewe."

Nilipoondoka tu! Sijui niseme nini juu ya moyo wangu wakati ule. Nilifurahi nikalia, na papo hapo nikapandwa na hasira ya ajabu. Uwanja umekwenda, Unguja imekwenda, kazi imekwenda, kwa maji ambayo hayana kazi. Mdogo wangu alikuwa amefika, amesimama uani na bakuli lake, midomo wazi. Nikamwambia, "Yamwage hayo! Yamwage, tukale tulale."

Sauti ya wifi ikatoka ndani, imekauka. "Wa kushoto?"

Mwanamume haingii chumba cha uzazi. Alijibu akiwa mlangoni. "Wa kushoto."

"Leteni."

Nilimpelekea. Yalikuwa yameingia vumbi na kijiti cha mkorosho. Aliyanywa yote, akageuza bakuli kuhakikisha, kisha akalia kwa sauti kubwa kama alivyotakiwa kulia tangu ile siku ya Tanga. Nje, mdogo wangu aliegemea ukuta akashuka mpaka akakaa.

Kabla ya magharibi walirudi na ngoma. Walikuwa wameshinda. Walisema hawawezi bila mguu ule, wakaweza, tena bila taabu. Walipita mbele ya nyumba yetu wanaimba jina la kijana aliyepewa jezi, na mdogo wangu alikuwa barazani, mtoto mapajani. Hakuingia ndani kujificha. Aliwatazama mpaka wa mwisho. Aliyekata kona kuja kwetu alikuwa mmoja tu, yule mtani.

"Nimekuja kuona kama nina msiba au sina," alisema.

"Huna," nikamjibu. "Nenda zako."

Klabu haikumwita tena, na bandarini wakamwambia kazi imepungua. Alipata kibarua cha kupasua mbao Chang'ombe, akacheza timu ndogo za mtaani zisizo na fundi wala jezi, mpaka goti lilipokataa. Unguja alikwenda uzeeni, kwenye harusi, akarudi akasema ni mji mdogo. Na msidhani waliishi yeye na mkewe kama njiwa. Waligombana mpaka majirani wanahesabu masufuria. Ila hakutoka tena nyumba ile bila kuaga, hata anapokwenda msikitini.

Alifariki wakati mie nimekwishakuwa mkongwe, na yeye ndiye mdogo. Wanaume walikuwa wamekwenda kuchimba kaburi, sie tumekaa uani na kilio chetu, mara watu wakaanza kupisha njia. Mtani alikuwa anaingia. Mzee, mkongojo mkononi, tumbo limekwisha. Mguu wa kushoto ameufunga kipande cha kaniki. Akatupa mpira wa matambara chini, akaanza kuuchezea kati ya masufuria, akipiga chenga mafiga, akianguka, akiinuka, analalamikia refa. Watani hufanya hivyo msibani, humwiga marehemu, na ukikasirika kosa ni lako. Kisha akaketi kando ya beseni la kuoshea vyombo, akaninyooshea mguu.

"Nifungulie, dada! Nifungulie haraka, kombe linazama!"

Nikamfungulia. Akatumbukiza mguu kwenye maji ya masizi, akapiga ukelele, na uani kote watu tukacheka machozi yakitutoka. Wifi alicheka kuliko wote, ameshika mbavu, shungi limemdondoka. Mtani akadai haki yake, nikampa kanga yangu mpya, na nikamwongezea mswaki wa mti.

Ndipo wakaja kutuambia maji ya kumwosha maiti yako tayari. Wifi aliacha kucheka. Akajifunga shungi vizuri, akaenda mpaka kwenye pazia walikokuwa waoshaji, wanaume peke yao, akasimama pale.

"Kwingine kote osheni nyie," aliwaambia. "Wa kushoto niachieni mie."